Habari za Feruzi na Jicho la Mokambo Lisilokata Watu

Sogeeni, enyi majirani wa karibu na wa mbali, vuteni viti, punguzeni redio, na yule anayetwanga majani ya sombe aupumzishe mchi wake kidogo, kwa maana leo nasimulia vita. Silengi vile vita mnavyovijua. Ulikuwa mwaka wa pili tangu jimbo letu lijitangaze kuwa nchi, likajipatia bendera yenye misalaba mitatu ya shaba, likajipatia stempu, likajipatia jeshi, na ndege za watu tusiowajua zikawa zikipita juu ya mabati ya Elisabethville hata kuku wakasahau kutaga. Vita hivyo vimeandikiwa vitabu vinene na watu wenye miwani, nami sina ugomvi nao. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyeandika neno juu ya Jumamosi ile ya mwezi wa sita, ndani ya ua wa mwalimu Gérard katika mtaa wetu wa komini Albert, siku ambayo mtu mmoja, akiwa na kidude kisichozidi kizibo cha chupa, alisimama peke yake mbele ya ukoo mzima na hakurudi nyuma. Hakurudi nyuma kwa sababu nyuma yake palikuwa na ukuta wa choo. Lakini nalo hilo ni ushujaa.

Ee Mola wa mwanga na kivuli, unyooshe ulimi wangu. Mimi ni Antoine, fundi cherehani wa barabara ileile, na kama nitatia chumvi katika habari hii, basi iwe kwa kiasi cha fundi anayemwachia mteja inchi moja ya pindo, asije akanenepa.

Alikuwako basi Feruzi bin Mawazo, chipukizi wa watu wa Maniema, Feruzi Mkamata-Nuru, Feruzi wa vidole vilivyoiva kwa dawa za picha, ambaye studio yake ilikuwa chumba kimoja chenye pazia lililochorwa ziwa na jumba jeupe, na mbele ya ziwa hilo nusu ya mtaa wetu walikwisha kusimama wakijifanya wana magari. Silaha yake ilikuwa kamera ya Kijerumani yenye vidirisha usoni. Unachungulia kwenye kidirisha, unamwona mtu na kivuli chake wametengana; unazungusha lenzi polepole hadi mtu na kivuli chake waingiane; hapo ndipo unajua picha haitatoka na ukungu. Lakini jueni jambo moja, maana habari yote imesimama juu yake: kidirisha kile hakipitii kwenye lenzi. Kidirisha kinaona yake na lenzi inaona yake, kama mume na mke walioulizwa habari moja.

Na shujaa huyu alikuwa na jina jingine, jina la aibu, ambalo watu walilitaja akishapita. Walimwita Mukata-Bantu, yaani Mkata-Watu.

Jina hilo alilipata mwaka uliotangulia, kwenye komunyo ya kwanza ya kitinda mimba wa mwalimu Gérard. Ua ulikuwa mwembamba, ukoo ulikuwa mpana, na lenzi yake ya siku zote ilikuwa na jicho jembamba. Feruzi akarudi nyuma hatua moja ili awaenee, akarudi ya pili, akarudi ya tatu, na ya nne ikamkalisha ndani ya pipa la kinywaji cha munkoyo lililoandaliwa kwa wageni. Alitoka humo na kamera ameiinua juu ya kichwa, kavu kabisa, na kwa hilo nilimvulia kofia. Kisha akapiga picha akiwa analowa, kwa haraka na kwa fedheha, bila kutazama kingo zake. Picha iliposafishwa, watu wote walikuwamo isipokuwa mmoja. Upande wa kushoto kabisa, penye mpapai, palionekana kiwiko cha mkono na mkoba mweusi unaoning'inia.

Kiwiko hicho kilikuwa cha Mama Hortense.

Hapo nisimame kidogo, maana asiyemjua Mama Hortense atadhani ni jambo dogo. Hortense ndiye dada mkubwa wa Gérard. Mjane, muuza makayabo katika soko la mtaa wa Kenya hapahapa mjini, mwanamke ambaye sauti yake ilipita katikati ya soko kama kengele ya misa ya kwanza. Yeye ndiye aliyemlea Gérard tangu walipofika kutoka Kasai, yeye ndiye aliyemlipia masomo kwa samaki wa chumvi hadi akawa mwalimu, tena mwalimu mwenye Kifaransa kilichopigwa pasi. Na Gérard, bila kutazama vizuri, akaitia picha ile kwenye fremu na kuitundika sebuleni. Dada akaja kusalimu, akaketi, akainua macho, akakiona kiwiko chake ukutani. Aliamini kwamba kaka ndiye aliyeagiza akatwe, kwa kuwa muuza makayabo anatia harufu kwenye picha ya mwalimu. Gérard angeweza kusema neno moja la pole na mambo yangeisha. Badala yake alimweleza kwa Kifaransa kwamba kosa ni la kiufundi.

Tangu siku hiyo dada alimwita kaka yake Monsieur le Moniteur, bwana mwalimu, na kaka alimwita dada yake Madame Hortense, yeye ambaye tangu utoto hakuwahi kumwita ila yaya, yaani dada mkubwa. Mwaka mzima ukapita hivyo, barabara moja, kanisa moja, bomba moja la maji.

Sasa ukaja mwezi wa sita, na pamoja nao yakaja maneno kwamba watu wa Kasai warudi kwao, na yalivyozidi kusemwa kwa sauti kubwa, Gérard akatafuta nafasi kwenye treni ya Jumanne kwa ajili yake na mkewe na wanawe. Hortense akasema yeye haondoki. Makayabo yake yako hapa na kaburi la mumewe liko hapa. Mado, binti mkubwa wa Gérard, alikuwa mchumba wa fundi umeme aliyebaki na kazi mjini, kwa hiyo harusi ikaharakishwa, ifanyike Jumamosi kabla ya treni. Ilikuwa mara ya mwisho ukoo ule ungekuwa ndani ya ua mmoja. Kila mtu alilijua, na hakuna aliyelisema, kwa kuwa palikuwa na wali wa kupika.

Feruzi alilijua kuliko wote. Alikuja kwangu akaketi juu ya kiti cha wateja, akaniambia kwamba hao wawili wataachana bila kuagana, na aliyewakata ni yeye, si kwa mkasi bali kwa lenzi. Nikajaribu kumpoza. Hakupoa. Alfajiri ya kesho yake akapanda lori la kwenda Mokambo, mpakani, kutafuta silaha.

Huko Mokambo aliishi mchuuzi aitwaye Mutale, ambaye meza yake ilikuwa na kila kitu ambacho mtu wa ng'ambo alikipoteza: miwani, filimbi, meno ya bandia, breki za baiskeli. Katikati ya meno na breki ilikaa lenzi moja ya Kijapani, fupi, nyepesi, imechubuka rangi, imejibana kama konokono aliyeguswa. Watu wenye uwezo wana lenzi pana za kung'aa, nazo huuzwa pamoja na kidirisha chake kidogo cha kuchomeka juu ya kamera, ili mpiga picha aone upana ule ambao lenzi inauona. Hii haikuwa na kidirisha. Hii ilikuwa ya watu wa kawaida. Mutale akaitoa kwa kuku wawili na pampu ya baiskeli, na kwa kuwa alikuwa mfanyabiashara mwenye roho, akampa na elimu yake bure.

“Bwana Feruzi, usiangalie bunene,” akasema. “Hii jicho, ukisimama hatua kumi, inaona hatua kumi ya upana. Ile yako ya zamani, hatua kumi inakupatia saba tu. Lakini kidirisha ya kamera itabakia ileile. Itakuambia bantu beko inje, kumbe beko ndani. Sasa weye utachagua: utaamini macho yako, ao utaamini hatua.”

Feruzi akayashika maneno hayo kama mtu anayepewa wasia. Wakati wa kurudi, kwenye kizuizi cha barabarani, askari mmoja mwenye kofia mpya akaitoa lenzi ile kwenye kitambaa chake, akaigeuza, akaishika mbali na jicho, na ndani yake akamwona Feruzi amesimama kichwa chini, miguu juu. Akauliza kwa ukali hiki ni kipande cha bunduki gani. Hapo ndipo ulimi wa Feruzi ulipotangulia akili yake.

“Afande,” akasema, “hii inapiga bantu thelathini kwa mara moja, na bote banarudia nyumbani kula.”

Watu wa kwenye lori wakaanza kutazama nyayo zao. Kisha askari akacheka hata kofia ikamwangukia machoni, akairudisha lenzi, akaomba tu aambiwe kama kofia inamkaa vizuri. Feruzi akamwambia inamkaa. Ulikuwa uongo, lakini uongo wa namna hiyo ni nauli.

Basi ikawadia Jumamosi. Misa ilikwisha, wali ukaliwa, na saa nane ya mchana, jua la kipupwe likiwa limelala upande mmoja na vumbi likiwa limetulia, ukoo ukaanza kujipanga uani. Watoto kwenye mkeka, wazee kwenye viti, vijana nyuma wamesimama, na mimi miongoni mwao, kwa sababu suti ya bwana harusi nilishona mimi na niliona ni haki nisimame karibu na kazi yangu. Waliobebana walikuwa kumi, waliokanyagana walikuwa zaidi. Jumla yetu ishirini na wanane.

Ishirini na tisa hakutaka kusimama. Alikuwa ameketi chini ya mpapai, mkoba mapajani, mgongo umenyooka. Na kwa watu wa Kasai shangazi ni baba wa kike. Picha ya harusi isiyo na yeye ni barua isiyo na muhuri. Mado akaenda kumbembeleza na shela lake likifagia vumbi. Hortense akamsogeza kando. Alinyoosha kidole kwa Feruzi, akasimama polepole, na akatoa hotuba ambayo hata majirani waliokuwa nje ya uzio waliisikia bila kujisumbua.

“Feruzi, mutoto ya bantu bazuri, nisikilize. Mwaka yenye kupita nilivaa libaya ya mupya. Nilivaa biatu bya kuniluma. Nilisimama na jua mupaka kichwa ikaniuma. Na weye ukachukua nini? Coude. Coude na sac, kiwiko na mukoba. Kwa ile ukuta ya Monsieur le Moniteur bantu bote beko na kichwa, hata mutoto wa jirani iko na kichwa, miye njo niko coude. Kesho nikikufa, bajukuu batauliza: bibi yetu alikuwa muntu gani? Batajibiwa: alikuwa coude.”

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja alikohoa, akajuta. Feruzi akasogea, akainama, akasema taratibu: “Mama, uko na haki. Ile siku lenzi ilikuwa ya kawaida. Leo niko na grand-angle.”

Hortense akainua kichwa. Uso wake ukabadilika kidogo kidogo, kama mtu anayesikia jina la mtu aliyedhani amekufa.

“Unasema Grand Ange?” akauliza. “Malaika mukubwa?”

Enyi wasikilizaji, hapo ndipo historia ilipokaa juu ya ncha ya sindano. Feruzi ni Mwislamu anayemcha Mungu, na hangeweza kudanganya juu ya malaika hata kwa kuku mia. Tayari alikuwa amefungua kinywa kueleza kwamba angle ni pembe, si malaika, na grand-angle ni lenzi ya pembe pana. Mkewe Rabia, aliyekuwa nyuma yake, akamkanyaga mguu kwa kisigino. Lakini hilo si la ajabu. La ajabu ni hili. Kwenye mlango wa jiko alikuwa ameegemea Gérard, mwalimu Gérard, mtu ambaye aliwahi kumsahihisha padri katikati ya mahubiri, mtu asiyeweza kuona kosa la Kifaransa likipita barabarani bila kulikamata kwa kola. Alisikia. Nilimwona kwa macho yangu akisikia. Midomo yake ikafunguka, kidole chake cha ualimu kikainuka, kisha kidole kikashuka na midomo ikafungwa. Mwaka mzima nilikuwa nimemkasirikia mtu yule, na dakika ile nilimpenda.

Feruzi akajibu kwa namna isiyomkosea Mungu wala mkewe: “Mama, iko kadogo, lakini inaona bantu bote.”

Akamwonyesha. Hortense akaitazama lenzi ile iliyochubuka, akainua macho. “Kwa malaika mukubwa, iko kadogo sana.”

“Tantine,” Mado akamwambia shangazi yake, “na hostie ya komunyo iko kadogo vilevile.”

Hoja hiyo ilimtosha. Hortense akapiga ishara ya msalaba, akalikung'uta libaya lake, akatoa sharti moja: atasimama palepale aliposimama mwaka jana, kwenye mpapai, ukingoni kabisa, wala hatasogea katikati hata nusu hatua, malaika kama ni malaika atamwona hukohuko. Na mara tu aliposimama, kaka naye akatoa lake. Akasema yeye haingii kwenye picha. Madame Hortense asije akasema tena kwamba ni yeye aliyewapanga watu. Wapigwe wote, yeye amekwisha kupigwa kanisani, atabaki mlangoni pa jiko. Mkewe akamsihi, mkwe akamsihi, akatikisa kichwa. Mado akageuza uso ili tusimwone analia, na kwa vile nilikuwa nyuma yake niliona.

Basi vita vikaanza. Feruzi akatoka katikati ya mstari wetu akihesabu hatua kwa sauti, moja, mbili, tatu, kama jemadari anayepima uwanja, na kwenye hatua ya sita mgongo wake ukagusa choo. Sita kwa sita. Akarudi akaupima mstari: kutoka bibi harusi hadi Mama Hortense, hatua tatu pungufu ya kidole. Kwa hesabu ya Mutale alikuwa ndani. Akarudi kwenye ukuta wake, akaweka lenzi kwenye hatua sita, akainua kamera, akachungulia.

Na kidirisha kikamwambia: umemkata tena.

Alimwona bibi harusi. Aliniona mimi na vifungo vyangu vya shaba. Lakini upande wa kushoto picha iliishia kwenye bega la binamu, na baada ya bega hapakuwa na mpapai, wala mkoba, wala Hortense. Akaishusha kamera: huyu hapa Hortense, mkubwa, mzima, ananing'iniza mkoba uleule. Akaiinua: Hortense hayupo. Alifanya hivyo mara tatu, na jasho likamtoka katika baridi ya mwezi wa sita. Hakuweza kumgeuzia kamera, maana angewakata wa upande wa pili. Hakuweza kurudi nyuma, maana pale palikuwa na ukuta, na nyuma ya ukuta palikuwa na mtu aliyekuwa akigonga akiomba atoke. Hakuweza kumsogeza, maana palikuwa na sharti. Alibaki na neno la mchuuzi wa meno ya bandia, na hesabu ya hatua zake mwenyewe. Baadaye aliniambia kwamba katika maisha yake hajawahi kuogopa hivyo, hata siku mizinga ilipolia.

Na jueni kwamba filamu ilikuwa adimu mjini kuliko sukari, na ndani ya kamera zilibaki picha mbili tu.

Akapiga ya kwanza. Wakati uleule ndege ikapita juu ya mabati, nasi sote, wakubwa kwa wadogo, tukainua vichwa. Picha hiyo ipo hadi leo: ni videvu.

Ikabaki moja. Rabia akatoka mbele, akatuambia kwamba hata mbingu ikianguka tutazame kamera, na ataanguka nayo mtu yeyote atakayepepesa macho. Tukakodoa macho. Feruzi akachungulia mara ya mwisho, akaona nusu ya ukoo, akafumba jicho lililokuwa likichungulia, akasema bismillahi, akabonyeza. Kamera ile haina kelele. Ilisema tek, kama mtu anayevunja karanga, na watu wakaanza kuuliza kama tayari.

Jumapili Feruzi hakula. Alijifungia ndani ya ghala la nyumbani, blanketi mlangoni, dawa kwenye sahani za udongo, na Rabia pembeni yake akimwaga maji. Filamu ilipotoka, wakaishika mbele ya dirisha ikiwa bado inadondosha maji, wakahesabu vichwa vyeupe vyenye meno meusi. Ishirini na saba, ishirini na wanane. Kisha mpapai. Kisha, kabla ya mpapai, mwanamke mzima, kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu vya kumuuma, na mkoba wake, na viwiko vyote viwili. Feruzi alikaa chini sakafuni. Rabia akaendelea kutazama.

“Feruzi,” akasema, “kwa mulango ya jikoni kuko muntu.”

Jumatatu mchana tukaenda wawili, mimi na yeye, hadi soko la Kenya, na picha ndani ya bahasha. Mama Hortense akafuta mikono, akakaa juu ya kreti, akaivuta picha karibu na pua. Alianza na nafsi yake, kama ilivyo haki ya kila mtu. Akataja kwa sauti: kichwa kiko, libaya iko, mikono miwili, biatu, sac. Wauzaji wenzake wakasogea kushuhudia. Kisha kidole chake, chenye chumvi ya makayabo, kikaanza safari. Kikapita binamu, kikapita wazee, kikapita Mado na mumewe, kikanipita mimi bila heshima yoyote, kikafika ukingo wa kulia, kikasimama.

Hapo, mbali kidogo, ndani ya fremu ya mlango wa jiko, alikuwapo Gérard. Alidhani yuko nje. Kidirisha cha kamera nacho kilidhani yuko nje. Kofia yake ilikuwa mikononi, ameikunja kama kitambaa cha kufutia vyombo. Watu ishirini na tisa walikuwa wanatazama kamera. Yeye peke yake hakuitazama. Alikuwa ametazama kupita mstari mzima wa vichwa, hadi mwisho wa pili, penye mpapai.

Hortense akainua macho. Akatutazama, akaitazama picha, akaitazama tena. Halafu akamwambia jirani yake amchungie meza, akajifunga kitenge upya, akaondoka kwa miguu na picha mkononi, nasi nyuma yake, na nyuma yetu nusu ya soko.

Gérard alikuwa uani anafunga masanduku kwa kamba. Aliposikia hatua akainuka, akaanza kwa Kifaransa chake cha pasi: “Madame Hortense—”

Dada akamwekea picha chini ya macho, kidole kikiwa palepale mlangoni.

“Weye, ulikuwa unaniangalia juu ya nini?”

Mwalimu akatafuta Kifaransa, kikamkimbia. Kamba ikamponyoka. Nilikuwa hatua nne kutoka kwake na nilimsikia vizuri, ingawa alisema polepole sana.

“Yaya,” akasema, “nilikuwa naogopa batakukata tena.”

Sitawaeleza walivyoshikana, maana vitu vingine si vya kupimwa kwa futi. Nitasema tu kwamba sanduku moja lilikanyagwa, kwamba sauti ya kengele ya dada ilisikika hadi kwenye reli, na kwamba mimi nililia. Fundi cherehani hulia haraka, macho yake yamekwisha kuchoshwa na sindano. Feruzi alisimama kando ya bomba, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kupima maji. Rabia alipofika, alimpangusa uso kwa pindo la kitenge chake mbele ya watu wote, na hakuona haya. Usiku ule dada na kaka walifunga masanduku pamoja wakigombana juu ya namna ya kufunga kamba, na Jumanne Hortense alilipanda behewa hadi mlangoni akiwa amebeba makayabo ya safari, hata harufu ikawashusha abiria wawili.

Basi iandikeni, enyi mnaoandika, katika kurasa zilezile za marais na majenerali, na kama hamna nafasi, punguzeni jenerali mmoja: kwamba katika mwezi wa sita wa mwaka ule, wakati wakubwa walipokuwa wameinama juu ya ramani wakibishana wakate wapi, Feruzi bin Mawazo wa komini Albert, akiwa na lenzi ya kuku wawili na pampu ya baiskeli, na bila ya kuona anachokipiga, aliwatia watu thelathini katika picha moja, na wote wakatoka wazima.